Usikimbilie Kufungua Kabureta
Volkswagen Beetle, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1954 na tena 1962, likianza kumisi mlimani, mafundi wengi hushika bisibisi na kufungua kabureta. Inaniuma, maana jeti za kabureta hiyo ya Solex huharibika zikichokonolewa kwa waya. Zima injini, toa chujio la hewa, chungulia kooni mwa kabureta huku ukisukuma mkono wa akseleta: mrija mwembamba ukirusha petroli, chemba ya floti ina mafuta. Pakiwa pakavu, kagua kwanza pampu, chujio la petroli na mpira wa petroli uliozeeka, ambao unaweza kunyonya hewa bila kuvuja hata tone. Plagi zikijaa masizi meusi, shuku choki iliyokwama, au sindano ya floti iliyolika na kuacha petroli ifurike.