Umeme ni Kitu Kimoja, Mkondo Wake ni Kitu Kingine

Neno hili "umeme" limetwikwa mizigo mingi. Mbingu ikimulika kabla ya ngurumo, watu husema umeme umepiga. Taa za nyumbani zikizimika ghafula, husema umeme umekatika. Tokeni za mita zikimalizika, husema umeme umekwisha. Na mtu akigusa waya ulio wazi akatupwa chini, husema umeme umemshika. Hapa Kenya tumeongeza hata jina la pili, "stima," ambalo hapo kwanza lilikuwa jina la merikebu na mitambo iendeshwayo kwa mvuke.

Katika maneno hayo yote msemaji hataji jambo moja. Mara ataja kitu chenyewe, mara mwendo wa kitu hicho, mara msukumo unaokiendesha, na mara kazi iliyofanywa. Kwa mazungumzo ya barazani hapana hasara. Lakini kwa mtu anayenunua waya, anayelipia mita, au anayetaka kuzungushia shamba lake uzio wa umeme, kuyachanganya mambo hayo huweza kumpotezea fedha zake, na pengine roho yake.

Tuanze na kitu chenyewe. Kila kitu duniani kimejengwa kwa chembe ndogo mno, na ndani ya chembe hizo mna chaji za namna mbili, ambazo wataalamu wameziita chanya na hasi. Chaji za namna moja husukumana. Zilizo mbalimbali huvutana. Elektroni, ambayo ilitambuliwa na J. J. Thomson wa Uingereza mwaka 1897, ina chaji hasi. Kwa kawaida chanya na hasi huwa sawasawa katika kitu, hata tusione dalili yo yote. Lakini chana nywele kavu kwa kichana cha plastiki wakati wa kiangazi, kisha ukisogeze kichana karibu na vipande vidogo vya karatasi: utaviona vikirukia. Elektroni kadha zimehama upande mmoja kwenda upande wa pili. Umeme upo pale, lakini umetulia. Mkondo haupo.

Historia nayo yaonyesha kwamba mambo haya ni mawili. Wayunani wa kale walijua, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwamba kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Na jina la elektroni limetokana na jina la kaharabu katika lugha yao. Baadaye, katika miaka ya 1745 na 1746, watu wa Ulaya walipata njia ya kuweka chaji ndani ya chupa. Lakini chupa ile ilipoguswa ilitoa cheche moja, na mambo yakaisha. Mwaka 1800 ndipo Alessandro Volta wa Italia alipotangaza betri yake, iliyoweza kutoa mkondo wa kuendelea. Basi watu walikuwa na umeme kwa karne nyingi kabla ya kuwa na mkondo wa kutumainiwa.

Baharia wa Lamu au Mombasa hana haja ya kufundishwa tofauti hii. Yeye ajua kwamba bahari ni maji, na mkondo ni mwendo wa maji hayo. Maji yaweza kuwapo bila kwenda po pote. Lakini mkondo hauwezi kuwapo pasipo maji. Kadhalika mkondo wa umeme ni mwendo wa chaji, nao hupimwa kwa ampea. Ampea 1 maana yake ni kwamba elektroni kiasi cha milioni milioni milioni 6 zinapita mahali pamoja katika waya kila sekunde.

Tena elektroni hizo hazina haraka kama wengi wanavyodhani. Katika waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5, ukichukua ampea 5 za betri, elektroni husogea kiasi cha robo ya milimita kwa sekunde, yaani hazifiki hata mita moja kwa saa nzima. Konokono angezipita. Na katika waya za nyumbani, ambamo mkondo hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, elektroni hutikisika tu mahali pale pale.

Msomaji atauliza: ikiwa ni hivyo, mbona taa huwaka mara swichi inapobonyezwa? Sababu ni kwamba waya haukuwa mtupu. Mfereji uliojaa maji toka mwanzo hadi mwisho, ukifunguliwa lango, maji ya mwisho hutoka mara moja, bila kuyangoja yale yaliyo juu mlimani. Ndivyo ilivyo katika waya: msukumo husafiri kwa mwendo mkubwa usio mbali na ule wa nuru, na elektroni zilizokuwa tayari ndani ya taa huanza kwenda. Lakini mfano huu una mpaka wake. Mfereji ukibomoka, maji humwagika. Waya ukikatika, umeme haumwagiki, bali mkondo husimama. Mkondo hutaka njia iliyozunguka na kukamilika, ya kwenda na ya kurudi.

Hapo ndipo wengi hupotea. Husema taa "inakula" umeme. Taa haili hata elektroni moja. Ampea zinazoingia katika taa kwa waya mmoja ndizo zinazotoka kwa waya wa pili. Fikiri juu ya kinu cha maji cha kusagia mahindi. Maji yote yanayofika katika gurudumu huondoka, wala mto haupungui. Kilichobaki pale ni unga, yaani kazi ya maji. Na kampuni ya umeme haikuuzii chaji, wala haikuuzii mkondo, hukuuzia kazi. Uniti 1 katika mita ni kazi ya wati 1,000 kwa muda wa saa 1. Birika la wati 2,000 humaliza uniti hiyo kwa nusu saa. Taa ya kisasa ya wati 9 huitumia kwa zaidi ya saa 110. Mwenye nyumba anayezima taa ya ukumbini kwa bidii, huku birika likichemsha maji mengi kuliko ya chai, anachunga kuku na kumwacha ng'ombe apotee.

Sasa yatupasa kujua jambo la tatu, nalo ni msukumo, ambao hupimwa kwa volti. Maji yakitoka mahali pa juu sana husukuma kwa nguvu kuliko yakitoka mahali pa chini. Nyumba zetu Kenya hupewa msukumo wa volti 240. Betri ya gari ni volti 12. Ukizidisha volti kwa ampea, wapata wati, yaani kasi ya kazi. Hesabu hiyo ni fupi, lakini ina faida kubwa kwa mkulima mwenye paneli ya jua.

Mathalani, pampu ndogo ya wati 60 ikitumia volti 240 huchukua robo ya ampea. Pampu ya wati 60 hizo hizo ikitumia betri ya volti 12 huchukua ampea 5, yaani mara 20 zaidi. Ukiiweka kisimani mita 20 kutoka kwenye betri, na ukatumia waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, volti 2 na zaidi zitapotea njiani, na kugeuka joto bure. Pampu itapata volti zisizofika 10. Mwenyewe atasema paneli ni mbovu, au fundi amemwibia, kumbe kosa ni la waya. Dawa yake ni kutumia waya mnene zaidi, au kusogeza betri karibu na kazi. Ni kwa sababu iyo hiyo umeme wa mabwawa ya mto Tana na wa mvuke wa Olkaria husafirishwa kwa volti 132,000 au 220,000: msukumo ukiwa mkubwa, mkondo huwa mdogo kwa kazi ile ile, na hasara ya njiani hupungua.

Joto la waya latuleta kwenye fyuzi. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya usipitishe mkondo mwingi kuliko uwezo wake. Fyuzi ya ampea 13 ikiyeyuka, imetimiza wajibu wake. Mtu anayeiondoa na kuweka kipande cha waya au msumari hakutengeneza kitu. Amemfukuza mlinzi na kumwacha mwizi ndani. Siku birika, pasi na jiko la umeme vikiunganishwa katika soketi moja, waya utakuwa moto ndani ya ukuta, na nyumba yaweza kuungua watu wamelala.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni la uzio. Watu wengi wamesikia kwamba uzio wa umeme una volti 5,000 na zaidi. Uzio wa Nyandarua, uliojengwa tangu 1989 hadi 2009 kwa urefu wa kilomita kama 400, huwazuia ndovu wasiingie mashambani. Basi mtu hufikiri: ikiwa volti 5,000 haziui, volti 240 za nyumbani zitakuwa na upole zaidi. Kisha huunganisha seng'enge ya shamba lake moja kwa moja na soketi. Huo ni mtego wa mauti. Mashine maalumu ya uzio hutoa pigo moja tu kila sekunde moja hivi, na pigo lenyewe hudumu chini ya sehemu 1 ya 100 ya sekunde. Mnyama hushtuka na kurudi nyuma. Soketi ya nyumbani haina pumziko. Mkondo wa sehemu 30 tu za elfu za ampea moja ukipita kifuani huweza kukaza misuli ya kupumua, na ukizidi hapo moyo huweza kuvurugika. Taa ya zamani ya wati 60 huchukua mara nane ya kiasi hicho. Mtu aliyeshika seng'enge ya namna ile pengine hataweza hata kuiachia, maana vidole vyake vimekazwa. Mwizi wa mahindi hakuhukumiwa kifo. Na mara nyingi atakayeigusa wa kwanza si mwizi, ni mtoto wa nyumba ile ile aliyefuata mpira.

Basi ukimwona mtu ameshikwa na umeme nyumbani, usimguse kwa mkono, kwa kuwa mwili wako nao utakuwa njia ya mkondo. Kwanza zima swichi kubwa. Na ukiona waya wa nguzo umeanguka shambani, hata kama hautoi cheche, kaa mbali, zuia watoto na mifugo, ukawaarifu watu wa kampuni. Waya ule waweza kuwa na msukumo wote, huku mkondo ukingoja njia ya kupita. Asiwe mtu wako yu yote atakayeufungulia njia hiyo.