Pendulamu Inayochechemea Inadanganya Darasa

Walimu wenzangu watarajiwa, mchoro unaokwamakwama kwenye kivinjari tumeuzoea mno. "Ah, simu yenyewe ya bei chee, ndo ilivyo," tunasema, maisha yanaendelea. Kwa mcheza gemu ni kero tu. Kwa mwalimu wa fizikia, unaweza kuharibu somo zima.

Tuone kinachotokea. Mwendo wowote kwenye skrini ni picha tulivu zinazobadilishwa harakaharaka, na kila moja inaitwa fremu. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Kivinjari kina takriban milisekunde 16.7 tu za kupiga hesabu na kuchora fremu inayofuata. Kazi ikichukua milisekunde 20, daladala imeshaondoka, fremu itasubiri zamu nyingine. Hapo 60 zinageuka 30, na jicho linaona kitu kinaruka.

Sasa chukua pendulamu ya mita 1. Kwenda na kurudi hutumia takriban sekunde 2. Kama aliyeandika programu ameamua kila fremu ihesabiwe kuwa ni 1/60 ya sekunde, kompyuta nzuri itaonyesha sawasawa. Lakini kwenye simu inayoambulia fremu 30, bembea hiyohiyo itachukua sekunde 4. Mwanafunzi akipima kwa saa yake na kuingiza kwenye fomula, atapata g ya karibu 2.5 badala ya 9.8. Saa yake ni nzima, hesabu yake ni safi, halafu anawekewa mkasi!

Dawa ipo. Programu isihesabu fremu, iangalie muda. Kila inapofika zamu ya kuchora, kivinjari kinaweza kuiambia programu ni saa ngapi, nayo ikaipeleka pendulamu pale inapostahili kuwa. Simu dhaifu bado itaruka picha, mwendo utachechemea, lakini sekunde 2 zitabaki 2. Mimi naridhika na pendulamu mbaya machoni kuliko laini inayodanganya.

Wapo watakaosema tununue kompyuta bora. Sawa, zije. Ila mwanafunzi mwenye simu hafifu mara nyingi ndiye huyohuyo asiye na maabara ya kuhakikisha alichokiona. Yule mwenye maabara atagundua kosa siku hiyohiyo. Huyu ataingia nalo kwenye mtihani.

Kwa hiyo, wenzetu wa kompyuta, mkituandalia zana za kufundishia, zijaribuni kwenye simu ya bei ya chini kabisa mnayoweza kuazima. Na sisi tunaokwenda mazoezi ya kufundisha, tuhesabu bembea 10 kabla ya kipindi. Kwa pendulamu ya mita 1 inayobembea kidogo, zitumie kama sekunde 20. Zikifika 40, funga simu, tafuta uzi na jiwe.