Bado Tunatibiwa na Daktari Carothers

Ukitaka kuchekwa sokoni Katesh, wilayani Hanang, au Dongobesh, wilayani Mbulu, sema kwamba mkulima wa vitunguu saumu ana sonona. Utajibiwa papo hapo kwamba huo ni ugonjwa wa wazungu, au wa watu wa mjini wenye nafasi ya kukaa na kuwaza. Mtu anayeamka alfajiri kukamua, akashinda shambani na jembe, anaumwaje mawazo? Anadeka huyo. Akaze moyo.

Wanaosema hivi hudhani wanautetea uimara wa Mwafrika. Hawajui wanarudia maneno ya nani.

Kauli hiyo ina mwenyewe. J. C. Carothers, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, aliongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Alipokabidhiwa hospitali hakuwa na ubingwa wa magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo sonona ikatajwa kuwa ugonjwa adimu kwetu. Sababu? Hatukujaliwa, kwa maoni yake, ule uzito wa kujihoji na kujilaumu unaomfanya mtu asononeke. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumfananisha Mwafrika na mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau, na humo pia watu waliopigania ardhi yao wakageuzwa kuwa tatizo la kisaikolojia.

Huyo ndiye babu wa ule usemi wa "sisi hatunaga hayo".

Ushahidi wake aliutoa wapi? Wodini Mathari. Aliyefikishwa pale, mara nyingi kwa mkono wa polisi au wa chifu, ni yule aliyepiga kelele, aliyevua nguo barabarani, aliyechoma nyumba. Mama aliyekaa kwake miezi mitatu bila kupalilia, anayelia usiku watoto wakishalala, nani angemkamata? Hamsumbui mtu. Carothers alihesabu waliosumbua, akatangaza kwamba walionyamaza hawapo.

Watafiti John Orley na J. K. Wing walifanya kinyume chake. Waliwafuata watu majumbani mwao katika vijiji viwili vya Uganda, wakatumia mahojiano ya aina ileile iliyotumika kwa wanawake wa Camberwell, London. Matokeo yalichapishwa 1979: sonona ilikuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko London. Karibu nusu karne imepita, na sisi bado tumemshikilia Carothers.

Na tumemshikilia mahali pabaya zaidi, yaani kwenye benchi la zahanati. Mgonjwa wa sonona wa Mbulu haji kusema ana huzuni. Anakuja na kichwa, na mgongo unaowaka moto, na moyo unaoenda mbio, na ganzi, na tumbo. Lifungue daftari lake la matibabu, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ukurasa wa kwanza: kichwa, kipimo cha malaria hasi, Panadol. Wa pili: UTI, antibayotiki. Unaofuata: vidonda vya tumbo, magnesium. Kisha mwili kuchoka, vitamini. Kurasa zinajaa, miandiko inabadilika kwa kuwa matabibu wanahamishwa, na hakuna hata mstari mmoja unaosema kwamba mtu huyu aliulizwa analalaje. Si uzembe wa tabibu peke yake. Ana foleni mpaka nje kwenye mti, ana kitabu cha takwimu cha MTUHA cha kujaza, na chuoni alipoambiwa habari za akili alionyeshwa mtu anayesikia sauti na kupelekwa hospitali ya akili ya Mirembe. Aliyetulia kwenye benchi, amejifunga mgolole na kuitikia salamu kwa adabu, hafanani na picha hiyo.

Wapo wenye hoja nzito kuliko ya uzungu. Hao husema: huyu mtu ana haki ya kuhuzunika, ugonjwa uko wapi? Mume amekufa, mahindi yamekauka, mtoto ameacha shule. Ukimpa jina la ugonjwa unaficha umaskini wake. Hoja hii naiheshimu, na wilaya ya Hanang ina kila sababu ya kuitoa. Wabarbaig walipoondolewa kwenye malisho yao ili mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali, yapanuliwe kwa msaada wa Kanada, uchungu wao haukuwa wa kutibiwa na kidonge. Ulikuwa wa kwenda mahakamani, na walikwenda.

Lakini tazama kilichotokea tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Kila nyumba ililia, na hakuna mwenye akili anayeita kilio hicho ugonjwa. Badala ya nyumba zilizosombwa zilijengwa nyingine. Wengi, baada ya miezi, wakaanza tena kula, kulala, kugombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba. Balaa kama hilo huwaacha pia wengine ambao usingizi haurudi, chakula hakipiti, kila kosa wanajibebesha wao, na wameanza kuona heri wangeondoka na tope. Hao tunajua wazi kilichowaangusha, na bado ni wagonjwa. Aliyevunjika mguu kwa kuanguka kwenye mtaro hafungiwi mlango wa hospitali kwa kuwa sababu inajulikana. Mtaro ufukiwe, na mguu ufungwe.

Wapo pia wanaosema ni upungufu wa imani. Kwa hili nitakuwa mfupi: Mbulu ina Wakatoliki na Walutheri wa kutosha, na mgonjwa wa kisukari akiombewa hakuna anayemwambia atupe insulini. Hospitali ya Haydom yenyewe, iliyoanzishwa na Walutheri wa Norway mwaka 1955, haikujengwa ili watu wasali tu.

Tiba ipo, na haihitaji daktari bingwa kila kata. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa vijijini Masaka na Rakai, Uganda, ambako watu wenye sonona walikutana kila wiki kwa vikundi, wakiongozwa na watu wa hukohuko wasio madaktari waliopewa mafunzo mafupi. Walipata nafuu kubwa kuwapita wale ambao hawakuwa na vikundi. Harare, tangu 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mtaani kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuchambua naye shida moja baada ya nyingine. Mbulu na Hanang zina wahudumu wa afya ya jamii, zina vikoba, zina wazee wanaosikilizwa. Kwa sonona iliyokomaa kuna amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, mradi mgonjwa aambiwe kwamba inaanza kusaidia baada ya wiki kadhaa na kwamba asiiache siku anayojisikia vizuri. Asipoambiwa, ataitupa siku ya tano na kusema hospitali wamemdanganya.

Kugundua nako ni maswali tisa, yaliyokwisha kutafsiriwa na kupimwa kwa Kiswahili: kwa wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Unalala? Unakula? Unajilaumu? Dakika tano, kumi kwa mzee anayependa kueleza.

Swali la tisa ndilo wahudumu wanaloliruka. Linauliza kama mgonjwa amewaza kufa au kujidhuru. Wanaogopa kwamba watamtia wazo kichwani, ingawa utafiti umeonyesha kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua. Mgonjwa naye anaogopa kujibu, na woga wake una msingi zaidi. Kwa Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kwa hiyo tunamtaka mtu amweleze muuguzi ukweli ambao polisi angeuandika kuwa ni kukiri. Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinakwenda kinyume cha katiba. Wabunge wa Mbulu na Hanang wasisubiri mahakama. Hoja ya kukifuta cha kwetu wanaweza kuipeleka Dodoma wao wenyewe.