Picha Nzuri ya Fuvu Haitoshi

Mwezi huu tunapenda kusema juu ya jambo linalotusumbua sisi wauguzi.

Baba mmoja alimleta mwanawe aliyeanguka kutoka juu ya mwembe. Mkononi alishika picha ya kipimo cha siti skani aliyopewa mjini. Fuvu lilionekana kama limewekwa mezani. Daktari wa upasuaji akauliza: “Sidii iko wapi?” Kumbe ilibaki nyumbani, watoto wameitundika mlangoni kama pambo, imejaa mikwaruzo. Mtoto akapimwa upya, na baba akauza ndama wa pili.

Kwa nini picha ile haikutosha? Kipimo hiki, alichopimwa mgonjwa wa kwanza huko London mwaka 1971, hakipigi picha ya umbo zima. Hutoa picha nyingi za vipande vyembamba, kama slesi za mkate. Kisha kompyuta hutafuta mpaka wa mfupa katika slesi hizo na kuujenga kwa pembetatu ndogo ndogo. Njia inayojulikana sana ya kazi hiyo ilitangazwa mwaka 1987 na Lorensen na Cline wa Marekani.

Basi uso ule wa mfupa umejengwa. Kati ya slesi na slesi, kompyuta hukisia. Slesi zikiwa nene, ufa mdogo huweza kupotea. Mfupa mwembamba huweza kuonekana kama tundu. Na damu iliyovuja ndani ya fuvu, ambayo ndiyo huua, haionekani katika picha ya mfupa wa nje.

Hatusemi picha hizo hazina faida. Humsaidia daktari kupanga upasuaji wa taya au uso uliovunjika. Lakini si haki kumpa mzazi picha moja ya kupendeza bila kumweleza kwamba slesi zote ndizo kipimo chenyewe. Kosa halikuwa la baba yule.

Wazazi, ombeni sidii pamoja na majibu yaliyoandikwa. Itunzeni ndani ya bahasha, mbali na jua na watoto, mje nayo kila mara. Kurudia kipimo ni gharama, tena mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei ya kawaida, na mtoto ndiye wa kukingwa zaidi.

Nasi wauguzi tuwaeleze wazazi hayo kabla hawajapanda basi la kurudi nyumbani.