Redio ya Chuo Ishuke Mlimani

Wapo watu wanaodhani kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kusema redioni siku kilipopata mtambo wake wenyewe. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, hata kwa wasomi. Naipinga, kwa sababu asiyejua redio ya Chuo ilikotoka hawezi kujua kazi yake ni nini.

Nianze na Chuo chenyewe. Hakikuzaliwa Mlimani. Tarehe 25 Oktoba 1961 kilifungua milango katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, hapo Mnazi Mmoja, kikiwa na wanafunzi wa sheria ambao hata 15 hawakufika. Kutoka pale hadi sokoni Kariakoo ni mwendo wa miguu. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, penye hewa safi na nafasi tele. Silaumu kuhama, nalaumu kusahau.

Chuo kilikuwa na mkono mmoja ulioendelea kuwashika watu wa kawaida, nao ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ilikuwa sehemu ya Chuo hadi mwaka 1975. Makao yake leo yako Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, huku huku mjini. Taasisi hiyo haikuwa na kituo chake cha redio. Ilitumia mawimbi ya Radio Tanzania. Mwaka 1970 ilitoa vipindi vya Uchaguzi ni Wako, mwaka 1971 Wakati wa Furaha, na mwaka 1973 ikaja ile kampeni kubwa, Mtu ni Afya.

Ndugu msomaji, tazama kazi ile ilivyofanywa. Kwanza walifundishwa viongozi wa vikundi, wapatao 75,000. Kisha, kwa wiki 12, watu waliketi pamoja kuizunguka redio moja. Walisikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana, wakaamua la kufanya, halafu wakaenda kulifanya: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufukia madimbwi ya mbu. Walioshiriki walikuwa kama milioni mbili. Kipindi kilihesabiwa kuwa kimefaulu pale choo kilipochimbwa; sifa za mtangazaji hazikuwa na uzito. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo redio ya kwanza ya Chuo Kikuu, ingawa haikuwa na mnara.

Mnara ulikuja baadaye. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango kwa vituo visivyo vya serikali. Mwaka 2003 chuo cha uandishi wa habari kilichoanzishwa mwaka 1975 kiliunganishwa na Chuo Kikuu, nacho ndicho Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya leo. Humo ikapatikana Mlimani Redio. Ni jambo jema. Lakini tangu hapo nimekuwa nikisikia hoja tatu ambazo haziniingii akilini.

Ya kwanza husema redio ya Chuo ni karakana ya wanafunzi. Sawa, wajifunze, lakini daktari mwanafunzi hujifunzia kwa mgonjwa halisi, si kwa sanamu. Ya pili husema redio ijitafutie fedha kwa matangazo na muziki kama wengine. Ikiwa itafanana na wengine, ya nini basi kuwa nayo? Muziki mjini haujapungua. Ya tatu husema redio imepitwa na wakati, watu wana simu. Anayesema hivyo apite Mtaa wa Kongo asubuhi. Muuza vitenge mikono yake imeshika kitambaa, fundi cherehani macho yake yako kwenye sindano. Masikio ndiyo yaliyo huru.

Na masikio hayo yana njaa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa malalamiko ya kodi. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Chuo kina walimu wa sheria, wa biashara na wa uhandisi. Mpangaji wa duka la chini anataka kujua ufa upi ni wa plasta na upi ni wa nguzo, apeleke wapi habari akiuona, na sheria inampa haki gani mwenye nyumba anapochimba chini ya miguu yake. Hayo si mambo ya semina ya hotelini. Ni mambo ya uhai, kama choo kilivyokuwa mwaka 1973.

Sidai kwamba hakuna kipindi chema kinachotoka Mlimani. Nadai utaratibu ule wa zamani: kipindi chenye kikundi cha wasikilizaji, na kikundi chenye kazi ya kufanya. Vikundi vipo tayari. Nenda kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye vyama vya wachukuzi, kwa mama lishe wanaochezeana upatu. Kinachokosekana ni mtu wa kushuka na kuketi nao.

Mkataa kwao ni mtumwa. Kwao kwa Chuo ni Lumumba, na jirani yake wa kwanza ni Kariakoo. Redio yake na ianzie hapo.