Tukompile, tusinakili tu

Wandugu wanafunzi, programu ya mfano tunainakili katika daftari na pointi tunapata. Mimi ninasema hapana, tuikompile. Libpng, maktaba ya picha za PNG iliyoanza 1995, inakuja na pngtest.c. Ile inasoma pngtest.png, inaandika pngout.png, kisha inalinganisha zote mbili. Mashini ikisema haijui png_create_read_struct, pengine -lpng imesahauliwa. Ikitaja inflate, njo -lz inakosa, juu libpng inaegemea zlib. Daftari itakuambia hiyo wapi? Na mafaili yasipolingana, usikimbie: zlib ya toleo lingine inaweza kubana tofauti, lakini picha inabaki ile ile. Basi walimu watupatie pointi juu ya pngout.png, si juu ya mwandiko muzuri.