Mpenzi, umenunua manemane?

Desemba ndiyo hii imeshapiga hodi, na najua vichwa vinawauma. Nauli ya kwenda nyumbani imepanda, ada za Januari zinachungulia dirishani, halafu kuna lile swali linalogombanisha wapenzi kila mwaka: Krismasi hii unanipa nini?

Nina rafiki yangu alinuniwa na mchumba wake wiki nzima kwa sababu ya blenda. Kaka wa watu alijinyima, akanunua blenda ya nguvu, akaifunga na utepe. Dada akaifungua, akauliza, "Yaani wewe ukiniangalia unaona jikoni tu?" Basi ikawa vita. Cheka, lakini dada alikuwa na hoja. Zawadi husema mtoaji anakuonaje, na hilo lilijulikana tangu Krismasi ya kwanza kabisa.

Twende Nkoaranga kidogo. Iko kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Usa River, kwenye migomba na kahawa. Ni nyumbani kwa mume wangu, na ndiko tunakopanda kila mwisho wa mwaka. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walianzisha kituo chao pale mwaka 1902, miaka 6 baada ya wenzao wawili, Ovir na Segebrock, kuuawa huko huko Meru. Kwa hiyo habari ya mamajusi imesimuliwa kwenye kilima kile kwa zaidi ya miaka 120. Kila mtoto wa Nkoaranga anaweza kukutajia: dhahabu, uvumba na manemane.

Tunazoea kusema mamajusi watatu, ila ukisoma Injili ya Mathayo hutakuta idadi yao. Kilichotajwa ni zawadi tatu, sisi tukahesabu na watu watatu. Na tangu karne ya 2, walimu wa kanisa kama Irenaeus wamezifafanua hivi: dhahabu ni kwa sababu mtoto ni mfalme, uvumba kwa sababu ni Mungu, na manemane kwa sababu atakufa. Sasa hebu tuzilete chumbani kwako.

Dhahabu ni heshima. Usiogope, sikutumi kwa sonara! Kumbuka mtoto yule alizaliwa na watu wa hali ya chini. Luka anaonyesha wazazi wake walitoa sadaka ya ndege wawili, na katika sheria ya Musa hiyo ilikuwa sadaka ya asiyeweza kumudu mwanakondoo. Halafu wageni wakubwa wanakuja, wanampigia magoti mtoto wa maskini. Mwenzi wako naye anataka kuonekana wa thamani mbele za watu. Kumtambulisha kwa wazazi wako baada ya miaka mitatu ya "tutaenda, tutaenda" ni dhahabu tosha. Kumsifia mbele ya mawifi zake pia ni dhahabu.

Uvumba ni muda. Ni utomvu wa mti, unakinga kwenye gome lililochanjwa, unaganda, unauchoma. Dhofar kule Oman waliufanyia biashara kwa karne nyingi, hadi UNESCO mwaka 2000 ikaiweka nchi hiyo ya uvumba kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ndugu zetu wa pwani wanajua harufu ya ubani nyumbani. Ukishauchoma, hubaki na kitu mkononi. Ndivyo ulivyo muda unaompa mwenzio: simu umeizima, mnaongea mpaka usiku. Huwezi kuupiga picha ukawaonyesha watu, lakini nyumba nzima inanukia.

Sasa tufike kwenye manemane, zawadi ambayo hakuna duka linaloitangaza. Nayo ni utomvu, mchungu, kutoka kwenye miti ya jamii ya komifora. Ukishuka kutoka Meru kuelekea nyika za Tarangire unaipita miti ya ukoo huo huo imejaa kila upande. Zamani manemane ilitumika kuhifadhi maiti. Yohana anaeleza kwamba Nikodemo alileta manemane na udi, kama ratili mia, kwa ajili ya mazishi ya Yesu. Hebu fikiria: umejifungua, mgeni anaingia na zawadi ya msibani! Ungemkaribisha chai?

Nilikuja kuielewa zawadi hii kupitia baba mkwe wangu. Siku moja baada ya Krismasi alituita wote, wanawe, wakamwana, hata binti zake walioolewa. Akatutembeza kihambani na fimbo yake, akituonyesha masale yaliyopandwa mpakani. Hapa pa fulani, hapa pa fulani. Mwisho akasimama mlangoni na kusema nyumba na migomba inayoizunguka ni ya mama yetu mpaka Mungu atakapomwita, na karatasi ameshaiandika mbele ya mashahidi. Watu wakanung'unika. Shangazi mmoja akasema mzee anajichuria. Mama mkwe hakusema kitu, alikwenda tu kutupakulia loshoro.

Baada ya miaka miwili mzee alifariki. Matanga hayajaisha, jamaa wa ukoo wakaanza kuuliza kihamba anabaki nacho nani. Ikaletwa ile karatasi, ikasomwa, mazungumzo yakaishia hapo. Mama yuko kwenye nyumba yake mpaka leo.

Wajane wengi hawana bahati hiyo. Kanuni za sheria za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa mume ameacha ndugu; atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili kutoka Shinyanga walilifikisha suala hili Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 Kamati ya CEDAW ikawapa haki. Lakini wewe huna haja ya kufika huko.

Andika wosia. Ni wa kijana pia, si wa mzee mwenye mvi tu. RITA wanaupokea na kuutunza. Angalia jina la nani liko kwenye fomu za mafao kazini kwako, isije ikawa bado umemwandika kaka yako kutoka enzi za ubachela. Mnajenga? Andikeni kiwanja kwa majina ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 tayari inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini jina kwenye hati linapunguza maneno.

Najua si mazungumzo ya kimahaba. Mwenzio anaweza kukuuliza, "Unataka nife?" Mshike mkono, mwambie unataka akilala alale usingizi. Blenda mnaweza kununua Januari, zikishuka bei.

Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Safari njema kwa wote mnaopanda mlimani!